Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani mwenye mfuko na ngiri ya mshono

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho. Kuinuka kitandani kuna utaratibu wake: nageukia ubavu wa kulia, nateremsha miguu, kisha mkono unasukuma godoro. Misuli ya tumbo haishirikishwi. Nikithubutu kuinua kichwa tu kutoka kwenye mto, katikati ya kovu hutuna uvimbe wa ukubwa wa chungwa. Nikitulia unarudi ndani. Hiyo ndiyo ngiri ya mshono: ngozi ya juu imepona, lakini ukuta wa nyama ulio chini yake umeachana, na utumbo unapita kwenye ule mwanya.

Kushoto kwa kitovu ndipo ulipo mfuko wa kukusanyia choo, umegandishwa kwenye ngozi kwa gundi. Utumbo wangu mpana ulijisokota, kipande kikafa, ikabidi nipasuliwe usiku uleule na mdomo wa utumbo utolewe nje ya tumbo; mdomo huo ndio huitwa stoma. Kidonda cha katikati kikatunga usaha, na mimi nikapata kikohozi kikali kabla hakijakauka. Usaha na kukohoa, vyote viwili huchosha mshono. Miezi kadhaa baadaye uvimbe ukajitokeza.

Leo ni zamu ya kubadilisha mfuko, kwa hiyo bafuni nachukua muda. Maji ya vuguvugu matupu, sabuni yenye mafuta siitumii kwa sababu gundi haitashika. Tangu ngiri ije, stoma imebadilika umbo. Nikisimama inakaa hivi, nikilala inakaa vingine. Basi naipima upya nikiwa nimesimama, na tundu la mfuko nalikata liizidi stoma kwa milimita 2 hivi. Likiwa pana mno, kinyesi kinagusa ngozi na ngozi inachubuka. Likiwa jembamba, linaibana stoma. Wateja wangu wangejua ninavyojipima kila mara, wasingelalamika nikiwaambia warudi kwa ajili ya kujaribisha.

Saa 12 na nusu. Narudi kitandani kuvaa mkanda. Mkanda wa ngiri huvaliwa umelala chali, uvimbe ukiwa umesharudi. Ukiuvaa umesimama unaubania utumbo hukohuko nje. Wangu nimejishonea mwenyewe: mardufu mbele, lastiki pana ubavuni, velkro ya kufungia, na tundu la kupitisha mfuko lililozungushiwa utepe ili lisichanike. Nilimwonyesha daktari kabla ya kuuvaa, akauvuta huku na huku, akaniuliza kama napokea oda. Mkanda hautibu ngiri, unaizuia tu isitanuke ovyo nikiwa kazini.

Saa 2 asubuhi. Kibandani, Ngamiani. Ni Desemba, na mjini Tanga Desemba ni sare za shule: kaptula za kaki, sketi za bluu, mashati meupe yasiyokwisha. Kukanyaga cherehani hakunisumbui, miguu ndiyo inayofanya kazi. Kinachoniumiza ni kuinama, kwa hiyo meza ya kukatia nimeiwekea matofali miguuni. Jora silinyanyui. Pasi ya mkaa ni ya Salimu, mwanafunzi wangu, na kichwa cha cherehani kikitaka kuhamishwa tunaita watu wawili.

Hapa niseme jambo lililonifurahisha kama fundi. Daktari alinieleza kuhusu utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, uliolinganisha namna mbili za kufunga tumbo: mishono midogo ya milimita 5 na mikubwa ya sentimita 1. Baada ya mwaka, waliofungwa kwa mishono mikubwa walipata ngiri kwa asilimia 21, wa mishono midogo asilimia 13. Nilimwambia angeniuliza mimi. Kila anayeanza ufundi huona mshono mpana unamaliza kazi haraka, hadi suruali ifumuke msambani.

Saa 5. Mama mmoja kaja kuchukua sketi, kaniona nimeshika tumbo wakati wa kupiga chafya. “Fundi, hiyo ngiri, nina mzee Pongwe ana mizizi.” Nikamshukuru. Nguzo za umeme mtaani zimejaa matangazo ya dawa ya ngiri, na mara nyingi yanaiunganisha na nguvu za kiume, ndiyo maana wanaume wengi wanaificha. Mizizi haiwezi kuziba tundu kwenye ukuta wa tumbo. Na kushika tumbo wakati wa kukohoa au kupiga chafya nilifundishwa wodini. Nyumbani hutumia mto.

Saa 7 mchana. Nimemwaga mfuko, siusubiri ujae, ukifika theluthi unatosha, vinginevyo uzito unavuta gundi. Naswali adhuhuri nimekaa kwenye kiti. Sheikh alinituliza mapema: mwenye udhuru kama wangu anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, na kikitoka kitu ndani ya swala, anaendelea. Kisha wali na samaki. Maharage nayaweka hadi usiku, kwani mfuko uliojaa upepo chini ya mkanda unajua kumwaibisha mtu mbele ya wateja.

Saa 9. Joto. Jasho limelegeza ukingo wa gundi, na uvimbe unauma kwa namna ya kuvuta. Nafungua mkanda, nalala chali kwenye mkeka nyuma ya pazia, magoti juu, napumua taratibu, nausubiri uingie. Kwa kawaida unaingia wenyewe. Salimu anajua la kufanya siku usipoingia: ukiwa mgumu na unauma, ngozi ikibadilika rangi, nikianza kutapika, au mfuko ukae bila choo wala upepo, aite bajaji tuelekee hospitali, asiende kutafuta ushauri kwa jirani. Utumbo ulionaswa hukosa damu, na hauna muda wa kusubiri sare ziishe. Leo umeingia. Nimelala nusu saa, nikaamka na kaptula saba za kuwekea vifungo.

Saa 12 jioni. Tunafunga. Sigara niliacha kwa amri ya daktari, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona na inaleta kikohozi. Sasa nalipigania tumbo lipungue kabla ya upasuaji. Mpango ni utumbo urudishwe ndani kwanza. Wavu wa kuziba ngiri utafuata baadaye, maana kuuweka wakati utumbo uko wazi kuna hatari ya vijidudu kuushika.

Saa 3 usiku. Mke wangu ameniuliza kama nimebeba kitu leo. Nimesema hapana, akampigia simu Salimu kuhakikisha. Jora jipya la kaki linafika kesho kwa basi la Dar, na nimeshamwambia kijana aje na mwenzake stendi.