Eskrima ya Ufilipino: Mkono Wenye Silaha Ndio Shabaha ya Kwanza

Watu wengi hukutana na eskrima kwa mara ya kwanza katika video za maonyesho: watu wawili wameshika fimbo mbili mbili, fimbo zinagongana kwa mdundo usiokatika, na mikono inapishana kwa kasi ambayo jicho linashindwa kuifuata. Zoezi hilo huitwa sinawali, na lina faida yake, kwa kuwa hulainisha mabega na kuuzoeza mkono wa kushoto kazi ya mkono wa kulia. Tatizo ni kwamba katika sinawali kila mmoja huilenga fimbo ya mwenzake, ilhali wale waliopigana kwa sanaa hii kuokoa maisha yao waliulenga mkono ulioishika fimbo. Nimefanya mazoezi ya eskrima kwa miaka, naipenda sana, na inanisikitisha kuona kwamba sehemu yake iliyo na manufaa makubwa zaidi vitani ndiyo inayotengewa muda mchache zaidi katika kumbi nyingi za mazoezi.

Eskrima, ambayo Ufilipino huitwa pia arnis, na ng'ambo mara nyingi kali, ni sanaa ya kupigana kwa silaha za mkononi: fimbo, panga, kisu, au upanga na jambia kwa pamoja. Tarehe 11 Desemba 2009 Rais Gloria Macapagal Arroyo alitia saini Sheria ya Jamhuri namba 9850, iliyoitangaza arnis kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa. Mwanafunzi hupewa silaha tangu somo la kwanza, na mapigano ya mikono mitupu hufuata baadaye kwa mienendo ileile. Mapigo nayo hupangwa kwa pembe yanakotokea, si kwa aina ya silaha. Mitindo mingi huhesabu pembe 12, mingine hutosheka na 5. Mpango huu una hekima kubwa, kwa sababu pigo la mshazari linaloshuka kutoka bega la kulia hufuata njia moja, liwe la fimbo, la panga au la chupa iliyovunjika, na mtu aliyevamiwa ghafla hana nafasi ya kuchunguza adui ameshika nini kabla ya kusogea.

Fimbo yenyewe ni ya henzerani, urefu wake ni kama sentimita 70 na unene kama sentimita 2.5. Henzerani ni nyepesi, na inapochoka huchanika nyuzinyuzi badala ya kupasuka vipande vyenye ncha, ndiyo maana inafaa kwa mazoezi ya kila siku. Zipo pia fimbo za kamagong, mti mgumu na mzito wa Ufilipino, lakini hizo hazifai kumpigia mwenzako kwa sababu huvunja mfupa bila shida. Katika mitindo mingi ya zamani fimbo ilikuwa badala ya panga, na hapo ndipo mazoezi mengi ya leo yanapopotea njia. Mwanafunzi anayezoea kuidaka fimbo ya mpinzani kwa kiganja anauzoeza mwili wake tendo ambalo siku ya panga litamkatisha vidole. Hata namna ya kushika hubadilika: mwenye panga lazima ajue makali yameelekea wapi kila wakati, ama sivyo atapiga kwa bapa. Sisemi kwamba kudaka fimbo ni kosa popote. Mtindo wa Balintawak wa mji wa Cebu nchini Ufilipino, kwa mfano, umejengwa juu ya fimbo kama fimbo, na udakaji wake una mantiki kamili. Ninachotaka ni kwamba mwalimu amweleze mwanafunzi wazi, katika kila zoezi, ni silaha ipi inayozungumziwa.

Sasa nirudi kwenye mkono. Walimu wa eskrima huifananisha kanuni hii na kumng'oa nyoka meno, na sababu zake zinaeleweka bila ushairi wowote. Mtu anayeshambulia kwa silaha hutanguliza mkono. Ndio ulio karibu nawe kuliko kiungo chake kingine chochote. Ukitaka kumpiga kichwani ni lazima uingie mahali ambapo silaha yake nayo inakufikia. Ukiupiga mkono, unaweza kubaki nje ya eneo hilo, ukarudi nyuma nusu hatua huku pigo lake likipita mbele yako na lako likitua juu ya vidole vyake. Umbali huu mrefu huitwa largo. Wa kati, ambao mkono wa kushoto tayari unaweza kugusa mkono wa adui, huitwa medio. Na ule wa kubanana huitwa corto. Vidole vina mifupa midogo yenye ngozi nyembamba juu yake, na kano zinazovikunja hupita kwenye kigasha. Makali yakikata kano hizo kiganja hufunguka chenyewe, na hapo ujasiri, ulevi au hasira ya mwenye mkono havina msaada. Fimbo haina uhakika huo. Fimbo huvunja kidole au huleta maumivu, na wapo watu ambao kwa dakika moja au mbili hawayasikii maumivu, jambo linalomlazimu mwenye fimbo kupiga mara ya pili na ya tatu huku akizidi kuondoka kwenye mstari wa shambulio.

Katika habari za eskrima hutakosa kusoma kwamba Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Hispania, aliuawa kwa sanaa hii katika kisiwa cha Mactan tarehe 27 Aprili 1521. Madai hayo hayana ushahidi. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwapo kwenye mapigano na kujeruhiwa, ameeleza kwamba watu 49 wa msafara huo walishuka majini kupambana na umati mkubwa wa wenyeji waliorusha mishale, mikuki ya mianzi, miti iliyochongwa na kukazwa kwa moto, na mawe. Hakuna mahali anapoeleza mtindo wa kupigana unaoweza kuitwa eskrima. Hata hivyo maelezo yake yana mambo mawili ambayo mwanafunzi wa sanaa hii anapaswa kuyasoma kwa makini. Wenyeji walipoona kwamba deraya za Wahispania zimefunika miili lakini miguu iko wazi, waliielekeza silaha kwenye miguu. Na Magellan alipotaka kuchomoa upanga wake aliweza kuutoa nusu tu, kwa sababu alikuwa amekwisha jeruhiwa mkononi kwa mkuki wa mwanzi. Baada ya hapo alikatwa mguu wa kushoto, akaanguka kifudifudi, wakammaliza. Lapulapu, mkuu wa Mactan, hakuhitaji kuwa mwalimu wa fimbo ili watu wake wajue kwamba adui hupigwa pale palipo wazi.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Cebu katika karne ya 20. Mwaka 1932 familia za Saavedra na Cañete pamoja na wenzao waliunda chama cha Doce Pares, na kwa miongo kadhaa mabingwa wa mji huo walipimana nguvu kwa fimbo bila deraya na bila kinyago. Mwaka 1952 Venancio Bacon, aliyekuwa mwanafunzi wa Lorenzo Saavedra, alijitenga na kuanzisha Balintawak, mtindo wa fimbo moja na umbali wa karibu, ambao mwalimu humshambulia mwanafunzi bila utaratibu wa kukariri hadi mwili wake ujifunze kujibu wenyewe. Simulizi za mapambano hayo zimetiwa chumvi nyingi, na kila ukoo una orodha yake ya ushindi. Mimi huamini zaidi kile kilichobaki katika mitindo yenyewe. Antonio Ilustrisimo, aliyezaliwa mwaka 1904 katika kisiwa cha Bantayan na kufariki Manila mwaka 1997, anaheshimiwa kama mmoja wa wapiganaji wakubwa wa makali wa karne hiyo, na mtindo wake una mbinu chache mno: kukwepa, kukata mkono, kuingia, kumaliza. Mtu ambaye amekabili panga la kweli hana sababu ya kujibebesha mbinu mia moja.

Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliunda huko California Rejimenti ya Kwanza ya Askari wa Miguu ya Wafilipino, ambayo wengi wa askari wake walikuwa vibarua wa mashambani. Pamoja na bunduki walifundishwa kutumia bolo, panga la kawaida la shambani kwao, na baadaye walipelekwa Guinea Mpya, kisha visiwa vya Leyte na Samar nchini Ufilipino. Tuwe wakweli: vita hiyo iliamuliwa kwa mizinga, ndege na bunduki. Bolo lilikuwa la usiku, la kichakani, la pale adui anapotokea karibu kiasi kwamba bunduki ndefu haigeuki. Leo Giron, mzaliwa wa Pangasinan aliyehamia Marekani, alipenyezwa kwa nyambizi kisiwani Luzon mwaka 1944 kufanya upelelezi, wakati kisiwa kikiwa bado mikononi mwa Wajapani. Alichokithamini zaidi baada ya vita kilikuwa larga mano, mtindo wa umbali mrefu, na si vigumu kuelewa kwa nini: mtu anayekabili singe iliyofungwa kwenye bunduki kwa panga fupi zaidi hana shabaha nyingine ya busara zaidi ya mikono iliyoishika bunduki hiyo. Giron alikuja kufundisha katika mji wa Stockton, California. Katika mji huohuo Angel Cabales alikuwa amefungua shule ya wazi kwa umma mwaka 1966, akifundisha serrada, mtindo wa fimbo fupi na umbali wa kubanana. Nafurahi kwamba hakuna aliyewalazimisha wawili hao wakubaliane, kwa sababu umbali wa pambano hauchaguliwi na mtu mmoja, na mwanafunzi aliyepita kwa wote wawili alikuwa na bahati kubwa.

Mchezo wa mashindano umeleta faida na hasara. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Cebu mwaka 1989, wachezaji wakivaa deraya nene na kofia zenye wavu wa chuma. Watu wamepata pumzi, kasi na uzoefu wa kupigwa, na hayo ni mambo makubwa. Lakini deraya inapomeza maumivu, wachezaji wawili husimama ana kwa ana na kumiminiana mapigo kichwani bila kujihami, kila mmoja akitarajia waamuzi wamhesabie mengi zaidi. Katika pambano la panga wote wawili wangekuwa chini baada ya pigo la kwanza. Upande wa pili wapo Dog Brothers, kikundi cha wapiganaji wa California, ambao tangu mwaka 1988 wamepigana kwa fimbo halisi za henzerani wakiwa na vinyago vya waya na kinga kidogo sana mikononi. Mapambano yao yamefichua jambo ambalo wengi wetu hatukupenda kulisikia: mtu aliyeamua kuingia anaweza kustahimili pigo moja la fimbo, akakukumbatia, na mkaishia chini mkipigana mieleka. Asiyejua kupigana akiwa amekumbatiwa ana eskrima nusu.

Mapambano hayohayo yanaonyesha pia jinsi unyang'anyaji wa silaha ulivyo adimu. Katika mazoezi mwenzako hunyoosha mkono, huuacha hapo, nawe unazungusha fimbo yake mpaka inaanguka. Katika pambano la kweli mkono hurudi mara tu unapomaliza kupiga. Silaha huanguka, ndiyo, lakini mara nyingi huanguka kwa sababu vidole vimepigwa, wala si kwa sababu mtu amekumbuka hatua ya tatu ya zoezi. Kwa kisu hali ni mbaya zaidi. Mshambuliaji wa kisu huchoma haraka haraka, mara nyingi kutoka karibu, huku mkono wake mwingine umekushika nguo. Mazoezi ya eskrima ya kisu, yakifanywa kwa kisu cha mpira kilichopakwa rangi, humwonyesha mwanafunzi kwa madoa kwenye fulana yake kwamba hata pale anapofaulu kujihami hukatwa. Kwa raia asiye na silaha, matumizi bora ya mafunzo hayo ni kutambua umbali mapema, kuweka meza, kiti au mlango kati yake na mwenye kisu, kuulinda mwili kwa upande wa nje wa vigasha, na kukimbia njia inapopatikana. Mwalimu asiyetenga muda wa kufundisha kukimbia, na anayewaahidi wanafunzi wake kwamba watamnyang'anya kisu mtu mwenye nia ya kuua, anawaweka hatarini.

Mazoezi ninayoyaamini hayana gharama kubwa. Watu wawili huvaa vinyago vya waya na glovu nene, hushika fimbo zilizofungwa sponji, na hukubaliana kwamba pigo safi kwenye kiganja au kigasha linasimamisha mchezo. Kanuni hiyo moja hubadilisha kila kitu kwa muda mfupi. Wale waliokuwa wakisimama na kumiminiana huanza kurudi nyuma na kwenda pembeni. Mkono wa kushoto, uliokuwa ukining'inia, hupanda hadi kifuani tayari kuzuia mkono wa mwenzake kila umbali unapofupika. Na pigo pana la kujionyesha huachwa, kwa sababu kila anayelirusha hupigwa vidole kabla halijafika. Baada ya wiki kadhaa kanuni huondolewa na kukumbatiana kunaruhusiwa, ili kila mmoja ajue ni mara ngapi pigo lake la mkono lilimzuia mwenzake kuingia na ni mara ngapi halikumzuia.