"Baiskeli yenye gunia inapita?": Kondoa hadi Kolo kwa njia za milimani

Barabara ya Dodoma kwenda Babati ilikamilika kuwekwa lami mwaka 2018, na tangu hapo basi la Arusha halina tena sababu ya kupunguza mwendo. Ni nzuri kwa mwenye gari. Kwa mwendesha baiskeli ni kelele, joto la lami na malori ya mizigo yanayokupita karibu kiasi cha kukuyumbisha. Nina jamaa wanaoiendesha wakiwa wamevaa vizibao vya kung'aa na kumtegemea Mungu. Mimi sikutaka.

Nilitaka kufika kwenye michoro ya miambani ya Kolo kwa baiskeli nikipita ndani ya milima ya Irangi, nisiione lami mpaka mwisho. Wenzangu ofisini waliona naitafuta shida, maana kijiji cha Kolo kiko kwenye lami kabisa. Lakini miamba yenyewe haiko barabarani. Mungumi wa Kolo, eneo linalotembelewa zaidi, liko mashariki ya kijiji, mlimani. Mashariki zaidi kuna Pahi, na kusini yake Haubi. Milima yote hiyo ina watu, na penye watu pana njia.

Kazi ilikuwa kujua ni njia ya nini. Ramani ya simu inaonyesha barabara za magari, lakini vijia vingi havimo. Nikahamia kwenye picha za setilaiti, nikakaa jioni nyingi nikifuatilia mistari ile myeupe kati ya mashamba. Ukiitazama kutoka juu, njia ya mbuzi, njia ya baiskeli na korongo lililokauka vyote vinafanana. Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwenyeji wa Kondoa anayeuza karanga karibu na ofisini kwetu. Nilimwonyesha simu, akaitazama kidogo tu.

"Mwanangu, hiyo mistari achana nayo. Tafuta mashine ya kusaga iko wapi."

Alikuwa na maana hii: kila kijiji kikubwa kina mashine, na vitongoji vinavyokizunguka vinapeleka mahindi na uwele pale kwa baiskeli, gunia likiwa limefungwa kwenye keria. Njia inayopitisha nusu gunia haiwezi kuwa na ngazi za mawe, wala mchanga wa kuzamisha rimu. Kwa hiyo safari yangu sikuipanga kutoka kijiji hadi kijiji, bali kutoka mashine hadi mashine. Na njiani sikuuliza kama njia inafika. Ukiuliza "hii inafika Haubi?" utajibiwa inafika, na ni kweli, kwa anayekwenda kwa miguu na kushuka genge akishikilia mizizi. Mtu wa kijijini hajakudanganya, amejibu ulichouliza. Swali langu likawa moja tu: "Baiskeli yenye gunia inapita?" Hapo utaona mtu anafikiri, anakutazama tairi, halafu anakwambia, "Hapana, zunguka kwa pale shuleni."

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, yenye tairi nene. Fundi wangu wa Majengo alinifanyia mambo mawili ambayo ningemshauri kila mtu. Kwanza alichana tyubu kuukuu akazilaza ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima, kwa sababu miiba ya migunga ya huku haina adabu. Pili aling'oa keria nyepesi iliyokuja na baiskeli akachomelea ya chuma, ya kienyeji. Ni nzito, ndiyo, ila ikikatika, kila senta ina mtu wa kuchomelea. Nilibeba tyubu za akiba, viraka na gundi, pampu, spoku chache, kipande cha cheni na madumu ya maji. Hema niliacha nyumbani.

Msimu niliochagua ni mwanzoni mwa Septemba. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na wakati huo udongo mwekundu wa Irangi unashika tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Juni mpaka Agosti kuna baridi nzuri ya kuendesha, lakini Septemba ina jambo lake, nitalieleza.

Kutoka Dodoma hadi Kondoa, kama kilomita 160, nilipanda basi, baiskeli ikiwa kwenye buti gurudumu la mbele limefunguliwa. Kondoa mjini sikukaa. Mpenda historia anaweza kukumbuka kwamba Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Jenerali Jacob van Deventer, waliotoka Afrika Kusini, walipigana hapa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck. Mji ulikuwa unaitwa Kondoa Irangi. Mimi nilikunywa chai na chapati, nikajaza maji, nikashika njia ya Haubi.

Njia inapanda, na makorongo yanaanza mapema. Mengine ni mapana kama uwanja wa mpira, mchanga mtupu katikati, kingo zake nyekundu zimesimama wima. Hapo nilipunguza upepo wa tairi mpaka zikalegea, nikashuka, nikasukuma. Ukijaribu kuendesha kwenye mchanga ule na mzigo utaanguka, na si lazima ujaribu.

Katikati ya korongo mojawapo nilimkuta mzee naye anasukuma baiskeli, madumu ya maziwa pande zote mbili. Nilimwamkia, akaitikia, tukasukuma pamoja. Nikamuuliza makorongo haya yalikujaje, akacheka.

"Ng'ombe, mbuzi, mashamba, kukata miti, vyote. Sisi tulihamishiwa ng'ombe zetu mwaka wa vita ya Kagera. Wote. Baba alikaa nje ya zizi tupu siku nzima, haongei na mtu."

Anachosimulia kimeandikwa kwenye vitabu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondoke katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uamuzi ulikuwa mchungu, na waliolipa gharama ni wenye mifugo. Lakini vilima vilivyokuwa vipara vikarudisha nyasi, kisha vichaka, kisha miti. Ng'ombe waliporuhusiwa tena walikuja kama wa maziwa, wa kufugiwa ndani na kukatiwa majani, na ndiyo maana mzee yule alikuwa na maziwa ya kupeleka mjini kwa baiskeli. Nilimuuliza anaonaje sasa. "Majani nakata mwenyewe, mgongo unauma. Ila kisima hakikauki." Akanielekeza pa kupandia upande wa pili, tukaagana.

Haubi kuna ziwa dogo ambalo hukua na kunywea kufuatana na mvua. Nililikuta limejivuta, ng'ambo yake imekuwa bustani za mboga. Kuna pia kanisa la zamani la misheni ya Kikatoliki, katika nchi ambayo vijiji vyake vingi vina misikiti. Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji kujitambulisha. Usiruke hatua hii. Mgeni na baiskeli yenye mizigo, anayepiga picha miti, anazua maswali, na maswali yakijibiwa ofisini basi kijiji kizima kimejibiwa. Mtendaji mwenyewe ndiye aliyenitafutia pa kulala. Nilikula ugali wa uwele kwa mlenda, na asubuhi nikauziwa chupa ya asali niliyoibeba safari nzima nikiogopa isimwagike.

Kutoka Haubi kwenda upande wa Pahi ndipo nilipopata nilichokifuata. Njia inaingia kwenye miombo, na Septemba miombo haingoji mvua: inachipua majani mapya wakati ardhi bado ni kavu, na majani hayo hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kabla hayajawa kijani. Unaendesha chini ya dari jekundu huku vumbi nalo ni jekundu. Mizinga ya magogo imetundikwa juu ya matawi. Kwa muda mrefu niliopita humo sikukutana na gari hata moja. Nilikutana na bodaboda, kina mama wenye kuni, watoto wa shule, na baiskeli nyingi zenye magunia, zote zikinipa njia kwa heshima nisiyostahili kwa kuwa mzigo wangu ulikuwa mwepesi kuliko yao. Penye mteremko mrefu nilisimama mara kwa mara kupoza breki. Mashine za kusaga zilinisaidia hata pale nisipokuwa na wa kumuuliza, kwa sababu husikika mbali. Ukipoteza njia, nyamaza usikilize mlio uko upande gani.

Anayetokea mashariki kama mimi ajue kwamba anaikaribia Mungumi kabla ya kufika Kolo, ilhali utaratibu ni kupita kwanza ofisi iliyoko Kolo, kulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Kwa hiyo niliteremka mpaka kijijini, nikalala, na asubuhi nikarudi mlimani na mwongozaji, ambaye alikubali kuja kwa baiskeli yake isiyo na gia. Ni kama kilomita 9, kisha mnaacha baiskeli na kupanda kwa miguu kilima kikali.

Michoro si mikubwa kama picha za matangazo zinavyokufanya udhani. Unasogea, macho yanazoea, ndipo watu wanajitokeza mwambani: wembamba, warefu, wekundu, vichwa vyao vimepambwa kwa namna ya nywele au vinyago. Kuna twiga, pofu na tembo. Juu ya baadhi yao ipo michoro myeupe ya baadaye, minene, iliyochorwa kwa haraka zaidi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja huku mwaka 1951 akanakili michoro hii kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Eneo lote ni kilomita za mraba 2,336, na idadi ya miamba yenye michoro inakadiriwa kati ya 150 na 450. UNESCO inasema kuta hizi zimechorwa kwa angalau miaka elfu mbili.

Mwongozaji aliongea zaidi kuhusu walio hai. Wazee wa Kirangi bado hufanya matambiko Mungumi, ya mvua na ya wagonjwa, na siku hizo mgeni hapiti. Alinieleza pia kwa nini hairuhusiwi kumwagia maji michoro ili rangi ing'ae kwenye picha, tabia ya wageni wa zamani: maji huifanya ififie haraka. Nilipiga picha mbili tatu, nikaizima simu. Kutoka pale juu unaona bonde lote, na barabara ya lami kwa mbali, na malori hayasikiki.

Kurudi Kondoa nilipanda Coaster iliyopita Kolo. Konda alitaka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya baiskeli. Nikamuuliza itakaa siti gani, abiria wakacheka, akashusha mpaka nusu. Tukaifunga juu kwa vipande vya tyubu, chupa ya asali nikaipakata.