Kikapu Kisichokuwa na Sukari

Shangazi yangu alikuwa na kimtungi cha udongo, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, alichokizungushia kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Ndani yake, kwenye kikopo chenye kifuniko, ndimo ilimokaa insulini yake. Tulipopanda boti pale bandarini Malindi, Unguja, kwenda Pemba, siku mbili kabla ya Iddi ndogo ya 2017, alikipakata kama mtu anavyopakata mtoto, na kila kitambaa kilipoanza kukauka akakinyunyizia maji ya chupa. Wifi yangu wa Chake Chake alikuwa ameshamwambia kwa simu kwamba friji ipo. Shangazi akamjibu, "Friji yako najua ipo, mwanangu. Umeme je?" Na hata umeme ukiwepo alikuwa na hofu nyengine: insulini ikisogea karibu na barafu ikaganda, imeshaharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Udongo haugandishi kitu. Unapoa tu maji yanapokauka juu yake, kama unavyopoa mtungi wa maji ya kunywa uwani.

Safari ile niliipanga mimi, na niliipanga kwa moyo wote. Nilikuwa na watu saba: mama yangu ana presha, Shangazi ana sukari, mume wangu hupata kifua akilala penye vumbi, na watoto wanne ambao kila mmoja ana lake. Wiki moja kabla nilikaa na kila mtu nikamuuliza, ukiwa nyumbani huumwa na nini? Maana ninavyoamini mimi, kinachokusumbua nyumbani ndicho kitakachokufuata safarini. Vidonge vya presha vya mama nilivihesabu kwa siku tulizokusudia kukaa, nikaongeza vya siku tano, kwa sababu ule ulikuwa wakati wa kusi na boti ikiahirishwa hujui utarudi lini. Nusu nikavitia kwenye begi, nusu kwenye mkoba wangu wa mkononi. Nikachukua Panadol, plasta, bandeji, spiriti na pamba, pakiti za chumvi na sukari za kuharisha, dawa ya mbu, na kile kibano changu cha nyusi. Nilijua kwamba sikukuu ikishaingia maduka ya dawa mengi hufungwa, na anayefungua hufungua saa anayotaka yeye. Sikutaka kwenda kugonga mlango wa mtu siku ya Iddi kutafuta plasta.

Dawa ya kutapika niliwapa watoto wakati wa daku, kabla hatujatoka nyumbani. Dawa ile haina kazi ukimpa mtu ameshaanza kushika tumbo. Inataka itangulie kama nusu saa au saa nzima. Tulipopita Nungwi bahari ikachafuka, abiria wakaanza kusoma dua kwa sauti na mabaharia wakapita na mifuko. Wangu wanne walilala mpaka Mkoani, bandari ya Pemba. Nilishuka pale gatini nikijiona nimemaliza kazi.

Sikukuu tatu tukaenda Misali.

Kwa asiyekijua, Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, hakikai watu ila walinzi wa hifadhi na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi yao ya muda. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khadhir alifika pale, akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema basi kisiwa hiki ndicho kitakuwa mfano wa msala wangu, na ndipo kikaitwa hivyo. Kasa hupanda kutaga kwenye ufukwe wake wa magharibi. Maji matamu hakuna. Duka hakuna. Utakachokula na utakachokunywa ni kile ulichokwenda nacho.

Basi usiku wake mimi na wifi tulifunga kikapu. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa hivyo nitalieleza taratibu. Nyumba nzima ilikuwa imejaa vitu vitamu vya Iddi: vileja, visheti, kaimati, halua ya Wete kwenye kikapu chake. Wifi alianza kupanga vileja kwenye bakuli, nikamzuia. Nikamwambia, Shangazi atakaa katikati yetu siku nzima, si uungwana tule tamu mbele yake naye anatazama. Wifi akaniunga mkono kwa mapenzi yale yale. Tukatia mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, mayai, chapati chache, maji, na chupa mbili za chai kavu isiyo sukari. Tulikisafisha kikapu kile hadi punje ya mwisho ya sukari, kwa heshima ya mtu tunayempenda. Na zile pakiti za kuharisha? Nilizitoa kwenye mkoba asubuhi nikamwachia mama, kwa sababu yeye alibaki nyumbani na mtoto mdogo aliyekuwa na tumbo.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu kwenye diko dogo, pa kuegeshea vyombo, lililo katikati ya mikoko, maji yamejaa pomoni. Shangazi alikuwa ameshachoma sindano yake na kunywa chai. Nilimwambia nahodha turudi saa tano, tule nyumbani. Akaitikia kwa kichwa bila kusema kitu, nami nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Watoto waliogelea, wakala, wakaogelea tena, wakala tena. Ilipofika saa nne kikapu kilikuwa na maganda ya mayai. Saa tano nikamwendea nahodha. Alikuwa amejilaza kivulini.

"Kaka, twende zetu."

"Twende wapi, dada? Diko sasa hivi ni tope tupu. Leo mwezi tatu, maji ya bamvu haya. Mpaka saa kumi."

Hakunidanganya, wala hakunificha. Yeye alidhani mtu mzima aliyefunga Ramadhani na kuuona mwezi wa Iddi anajua maji yatakuwaje sikukuu tatu. Iddi huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga huja na bamvu: maji hujaa sana, na yakitoka hutoka mpaka miamba ikabaki uchi. Mimi nimezaliwa kisiwani. Nilipanga vidonge, nikasahau kupanga saa.

Saa sita na kitu nikasikia ukelele. Mwanangu wa pili, wa miaka tisa, alikuwa amekwenda kwenye mwamba uliokauka akikimbiza kaa. Lapa lilimvuka, akakanyaga mmoja wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi kama sindano za kushonea makuti. Mume wangu alimbeba mpaka mchangani. Nilihesabu vitone kumi na moja kwenye wayo, karibu na kidole gumba, na kila kimoja kimezungukwa na rangi ya zambarau. Rangi ile hukutisha ukadhani kila doa ni mwiba, kumbe mengine ni wino wa yule kiumbe tu. Miiba miwili iliyochomoza niliitoa kwa kibano, polepole, kwa mstari ule ule ilioingilia, kwa sababu hukatika kama chaki. Iliyobaki ndani niliiacha. Vijana wawili wa dago walikuja na sufuria ya maji ya moto, wakapunguza kwa ya baridi. Mmoja akatia kiwiko chake kwanza, kama mtu anayejaribu maji ya kumkogesha mtoto, ndipo akasema, "Mtie." Moto hutuliza yale maumivu. Baada ya nusu saa hivi mtoto aliacha kulia, akabaki na kwikwi.

Wakati wote huo, hakuna aliyemtazama Shangazi.

Alikuwa amekaa chini ya mti, hatua kama ishirini. Nilimwona anakunja pindo la kanga yake, anakunjua, anakunja tena. Upepo wa kusi ulikuwa baridi, lakini mdomo wake wa juu ulikuwa na jasho, vitone vidogo vidogo vimejipanga. Nikamuuliza, "Shangazi, vipi?" Akanitazama, akaniita kwa jina la marehemu dada yake.

Miguu yangu iliisha nguvu. Nilijua. Kliniki yake ya sukari mimi ndiye ninayempeleka, na muuguzi pale alishatwambia mara nyingi: anayechoma insulini akachelewa kula, sukari hushuka, na ya kushuka huua haraka kuliko ya kupanda. Akatwambia tumpe kitu kitamu papo hapo, maadamu bado ana akili zake na anaweza kumeza. Aliyezimia hatiliwi kitu mdomoni. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu haya. Lakini nilikuwa nimeyaweka kwenye mambo ya nyumbani, pale ambapo kopo la sukari liko juu ya kabati siku zote. Nilifungua kikapu nikijua kimo nini. Mimi mwenyewe ndiye niliyekisafisha.

"Sukari! Nani ana sukari?"

Yule kijana wa kiwiko hakuuliza swali. Alikimbia dagoni akarudi na sukari kwenye karatasi ya khaki na kikombe cha bati. Nikakoroga vijiko vitatu kwenye nusu kikombe cha maji, nikamshikia Shangazi kichwa. "Kunywa, mama. Kunywa kidogo kidogo." Akanywa, mengine yakamwagikia kifuani. Mashine yake ya kupimia ilikuwa kwenye mkoba, hiyo alhamdulillahi sikuisahau. Nikamfuta kidole chumvi ya bahari, nikamchoma. Ikasoma 2.9. Chini ya 4 tayari imeshuka.

Dakika kumi na tano nilizozihesabu pale sitazisahau. Mtoto wangu alikuwa ametia mguu kwenye sufuria, kimya, anamtazama bibi yake. Nahodha alikuwa amesimama, kofia mkononi. Nilipopima tena ilikuwa 4.6, na kabla sijaitaja namba Shangazi alisema, kwa sauti yake ya siku zote, "Mbona mmenimwagia maji nguo ya Iddi?"

Wale vijana wakaleta wali uliobaki kwenye chungu na changu wa kuchoma, wakamwekea mbele yake. "Kula, bibi, ushibe." Alikula wote. Nilitaka kuwapa chochote, wakakataa. Mkubwa wao akasema tu kwamba baba yake naye anachoma.

Saa kumi maji yalirudi, tukarudi nayo.

Usiku ule wifi alikwenda nyuma ya jiko akaangua papai bichi. Akalichana kwa ncha ya kisu michirizi mirefu, maziwa yakadondoka meupe kwenye kisosi. Akayachovya kwa pamba na kuiweka juu ya kila doa la mguu wa mwanangu, akimkataza asiguse macho. Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya akachomwa sindano ya pepopunda, na muuguzi akasema tusichokoe, miiba midogo itayeyuka au itatoka yenyewe. Ilitoka, mmoja mmoja, ndani ya wiki mbili.

Lakini nilikuwa naeleza ule usiku. Shangazi alikuwa amekaa jamvini, kimtungi chake pembeni, kitambaa kimeloweshwa upya. Alimwita wifi, akaomba sukari. Wifi akasita, akanitazama. Nikamwitikia. Shangazi akaimimina kwenye kipande cha karatasi, akaikunja mara tatu, halafu akaifunga fundo kwenye pembe ya kanga, pale wanawake wanapofunga pesa. Akaipapasa kuona kama imekaa. Kisha akanyosha vidole vyake mbele ya taa, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba.

"Leo mwezi tatu," akasema. "Mkitaka kwenda tena, ngojeni mwezi nane. Maji mafu, hayatoki mbali."