Mwacheni Habakuki amalize kulia

"Mwenye haki ataishi kwa imani yake." Mlutheri aliyepita darasa la kipaimara anaujua mstari huu, na ukimuuliza umetoka wapi, mara nyingi atakujibu: Warumi. Ni kweli Paulo anaunukuu katika Warumi 1:17, anaurudia katika Wagalatia 3:11, na mwandishi wa Waebrania naye anautumia katika sura ya 10. Lakini maneno ni ya Habakuki, na aliyasema zaidi ya miaka mia sita kabla ya Paulo, katika mji uliokuwa unangoja kuchomwa. Siku ya Matengenezo, tunapomkumbuka Martin Luther na matengenezo ya kanisa, inakaribia, mahubiri yanaandaliwa, na ninawaomba wahubiri wenzangu wa sharika zetu jambo moja: kabla hatujamkimbilia Paulo, tumpe nabii nafasi ya kusema na watu wake.

Kitabu chake kina sura tatu tu. Hakianzi na sifa wala salamu. Kinaanza na malalamiko: "Ee BWANA, hata lini nitalia, wewe usitake kusikia?" Yuko Yuda, mwishoni mwa karne ya saba KK. Sheria imelegea, waovu wamewazunguka wenye haki, hukumu zinatoka zimepindika. Mungu anamjibu, na jibu linamtisha kuliko hali aliyokuwa akiilalamikia: nawaleta Wakaldayo, watu wa Babeli. Farasi zao wana mbio kuliko chui, ni wakali kuliko mbwa mwitu wa jioni. Historia tunaijua. Mwaka 605 KK Nebukadreza wa Babeli aliwashinda Wamisri huko Karkemishi, mwaka 597 akaitwaa Yerusalemu, na mwaka 586 hekalu likateketezwa.

Nabii hanyamazi. Anarudi kwa Mungu na swali zito zaidi: wewe uliye na macho safi hata usiweze kutazama uovu, mbona unanyamaza mwovu anapommeza aliye mwema kuliko yeye? Kisha anamchora Mkaldayo kama mvuvi. Watu wamekuwa samaki wa baharini, wasio na wa kuwatawala. Anawatoa kwa ndoana, anawakusanya katika wavu, anafurahi, halafu anautolea ule wavu sadaka kwa kuwa ndio unaomnonesha. Nilifundisha miaka kadhaa mjini Tanga, na asubuhi nilikuwa nikipita ufukweni kokoro linapovutwa. Wavu ukishafika mchangani hauchagui. Dagaa, pweza, vitoto vya changu visivyofika urefu wa kidole, vyote vinarukaruka pamoja mpaka vinatulia. Habakuki anamwambia Mungu usoni kwamba ndivyo mataifa yalivyofanywa. Je, huyu ataendelea kuumwaga wavu wake na kuua bila huruma?

Baada ya swali hilo anapanda mnarani kushika zamu na kungoja jibu. Jibu linakuja: "Iandike njozi." Hapa nina la kusema kuhusu mikesha yetu ya mwaka mpya, ambako maneno haya yamekuwa agizo la kuandika kwenye karatasi kiwanja, gari na safari ya ng'ambo. Njozi aliyoamriwa Habakuki kuiandika ni kwamba dhalimu ataanguka. Soma ole tano zinazofuata katika sura hiyo hiyo: ole wake ajilimbikiziaye kisicho chake, ole wake ajengaye mji kwa damu. Anayeiandika njozi ile kama orodha ya mali anajiweka upande wa mvuvi, na sidhani kama analijua hilo. Wachungaji wanapaswa kumwambia.

Katikati ya agizo hilo na zile ole ndipo mstari wetu ulipo. Njozi ina wakati wake, ijapokawia, ingojee. Mwenye kujivuna hana unyofu ndani yake, bali mwenye haki ataishi kwa imani yake. Neno hili linamwendea mtu aliye mnarani, ambaye Wakaldayo bado hawajafika na mwokozi bado hajaonekana. Anaambiwa jinsi ya kubaki hai katikati ya hayo mawili.

Kwa wahubiri wengi hapo ndipo kigingi cha kurukia: "Na ndipo Paulo akatufunulia maana yake ya kweli!" Kana kwamba mpaka siku hiyo mstari ulikuwa hauna maana, na Wayahudi walikuwa wapagazi tu waliobeba sanduku wasilolijua. Hiyo si kweli, na ushahidi upo.

Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia katika pango karibu na Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, wakatoka na magombo ya ngozi. Mojawapo ni ufafanuzi wa Habakuki, ambao leo unahifadhiwa Yerusalemu katika Jumba la Makumbusho la Israeli. Wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya kwanza KK. Una safu 13 za mwandiko wa Kiebrania, na kila jina la Mungu linapotokea katika maneno ya nabii, mwandishi anaziacha herufi za siku zake na kuliandika kwa herufi za kale. Nimeitazama picha yake kwa muda mrefu. Hata asiyesoma Kiebrania anaziona herufi hizo zimekaa peke yake kwenye mstari, kalamu imebadilika kwa heshima.

Namna yake ya kufafanua ni hii: ananukuu kipande cha nabii, kisha anasema tafsiri yake ni fulani. Wakaldayo, kwake, ni Wakitimu, nao ni Warumi waliokuwa wakiikanyaga nchi wakati wake. Wavu unaotolewa sadaka ni bendera za vita ambazo askari hao walizitolea dhabihu. Na akifika kwenye mwenye haki atakayeishi kwa imani, anasema ni wale wote wanaoishika Torati katika nyumba ya Yuda. Mungu atawaokoa kwa ajili ya taabu yao na imani yao kwa Mwalimu wa Haki, kiongozi wa jumuiya ile. Anasema pia kwamba Habakuki aliandika yatakayokipata kizazi cha mwisho bila kujulishwa wakati wake, na kwamba siri za maneno ya manabii Mungu alimfunulia huyo Mwalimu.

Sasa msome Paulo. Yumo Korintho, karibu mwaka 57 BK, anawaandikia Warumi. Naye ni Myahudi, naye anaamini miisho ya zamani imewafikia watu wa siku zake, naye ananukuu kipande hicho hicho na kukielekeza kwa mtu mmoja ambaye kwa yeye Mungu anaokoa. Paulo hakuwavamia Wayahudi kutoka nje na kuwanyang'anya kitabu. Alikuwa ndani ya nyumba yao, akifafanua walivyofafanua wao, huku akishindana nao juu ya nani aliyetimiza. Watu wa Qumran waliwatazama washika Torati wa nyumba ya Yuda. Paulo alimtazama Mmataifa asiye na Torati, akauliza anaingiaje, akajibu: kwa mlango uleule Habakuki alioonyeshwa, wa kumngoja Mungu na kumwamini.

Na Wayahudi ambao hawakumfuata Paulo nao hawakuuacha mstari. Katika Talmud, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, kwenye sehemu iitwayo Makkot, Rabi Simlai anafundisha kwamba Musa alipewa amri 613. Daudi akaja akazisimamisha juu ya 11, hizo za Zaburi ya 15. Isaya akazisimamisha juu ya sita, Mika juu ya tatu: kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu. Isaya akarudi tena, zikawa mbili. Amosi juu ya moja: nitafuteni mpate kuishi. Hapo Rav Nahman bar Yitzhak anapinga na kusema aliyezisimamisha juu ya moja ni Habakuki: mwenye haki ataishi kwa imani yake.

Sikujua cha kusema nilipokutana na kifungu hicho mara ya kwanza. Nilikaa nacho mchana mzima. Torati yote, kwa vinywa vya walimu ambao sisi huwaita watu wa sheria, imesimama juu ya mstari ambao Luther aliushika.

Na hapo nafika kwa Luther, kwa uchungu. Alimpenda Habakuki, mwaka 1526 alichapisha ufafanuzi wake wa nabii huyu kwa Kijerumani. Mwaka 1545, akiwa mzee, alisimulia jinsi Warumi 1:17 ilivyomfungulia milango ya paradiso. Lakini miaka miwili tu kabla ya simulizi hilo, mwaka 1543, aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi akishauri masinagogi yao yachomwe, nyumba zao zibomolewe, na vitabu vyao vya sala na Talmud vichukuliwe. Talmud ile ile yenye maneno ya Rav Nahman. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa kwa Luther, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa na Wanazi, na Martin Sasse, askofu wa Thuringia, aliandika akifurahia tarehe hizo kugongana. Kanisa la Kilutheri la Marekani liliyakana maandishi hayo ya Luther waziwazi mwaka 1994, na Wakatoliki walikuwa wameanza safari yao ya kupatana na Wayahudi mwaka 1965 katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Haya yanapaswa kusemwa mimbarani Siku ya Matengenezo, washarika wakiwa wamejaa na kwaya zote zikiwepo. Watu wetu ni wazima, wanaweza kuyabeba.

Ninaamini usomaji wa Kikristo ndipo ulipoharibika: ulipodhani kwamba ili Kristo awemo katika Agano la Kale, ni lazima wenye Agano hilo watolewe. Paulo mwenyewe alikataza. Je, Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Hasha! Kwa Mmataifa aliyepandikizwa kwenye mzeituni alisema wazi kwamba si yeye anayelichukua shina, bali shina ndilo linalomchukua yeye.

Kuna sura ya tatu, ambayo ufafanuzi wa Qumran hauigusi. Ni sala ya kuimbwa. Wayahudi wanaoishi nje ya Israeli huisoma sinagogini siku ya pili ya Shavuot, ile sikukuu ya siku ya hamsini ambayo sisi tumeipokea kwa jina la Pentekoste. Mtini hautachanua maua, mizabibuni hamtakuwa na matunda, zizini hamtakuwa na kundi, vibandani hamtakuwa na ng'ombe. Walakini nitamfurahia BWANA. Niliisoma katika mtaa mmoja upande wa Longido, ukame ulipokuwa umekwisha kula mifugo na mizoga bado iko njiani. Sikuwa nimemtaja Paulo wala Luther. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye boma lake lilikuwa limebaki na ng'ombe wa kuhesabika, aliniuliza katikati ya somo, "Mwalimu, huyu mzee alikuwa na ng'ombe?" Nikamwambia, "Sijui, baba, ila aliwajua waliokuwa nao." Akaomba nirudie kusoma. Nikarudia. Baadaye akasali yeye, kwa Kimaasai, sala ndefu ambayo waliokaa karibu nami walikataa kunitafsiria kwa sababu walikuwa wanalia.

Kijana wa kipaimara aliwahi kuniuliza swali ambalo naona ndilo kiini cha yote haya: "Mwalimu, kwa hiyo Habakuki alimjua Yesu?" Nilimjibu kwamba hapana, mwanangu. Aliwaona Wakaldayo. Hakuambiwa habari za Bethlehemu wala Kalvari, na tukimlazimisha kuzisema tutakuwa tumemziba mdomo asitwambie aliyoyaona. Lakini Mungu aliyemwambia ngoja ni yeye yule ambaye mimi naamini alimfufua Yesu siku ya tatu, baada ya Yesu naye kulia msalabani na kuona kama hakusikika. Ninapomsoma Habakuki na kumwona Bwana, ninamwona hapo: kwenye zamu, kwenye kungoja, kwenye "hata lini". Myahudi anayesoma sala hiyo wakati wa Shavuot haoni ninachokiona, na bado anasoma kitabu chake kwa haki yote.

Kijana akauliza tena, "Sasa nani yuko sahihi?" Nikamwambia mimi nimemwamini Yesu na ninamfundisha yeye amwamini, na kwamba hilo halinipi ruhusa ya kumwambia Myahudi hajui kusoma.

Mwaka huu mchungaji amekubali tusome sura zote tatu kwa sauti kabla ya mahubiri. Mama mmoja wa jumuiya yetu mwenye sauti nzito atasoma malalamiko ya nabii, mzee wa kanisa atasoma majibu ya Mungu, na sura ya tatu kwaya itaiimba. Warumi itasomwa baada ya hapo.