Ankara yenye akaunti mpya
Jamani wenye biashara, jana mhasibu wetu hapa Kariakoo kapokea barua pepe ya msambazaji wetu wa vigae wa China: tumebadilisha benki, salio litumwe huku. Nembo ileile, namba ya oda ileile, hata salamu zake za siku zote. Dada akagoma kulipa. Akampigia yule bwana kwa namba tuliyonayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua. Hana habari! Kumbe anwani ilizidi herufi moja tu, na kuna mtu alishaingia kwenye barua pepe zao anasoma mazungumzo yetu yote.

Msidhani ni sisi wadogo tu. Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alijifanya Quanta, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia Google na Facebook vifaa vya kompyuta, nao wakamtumia zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara feki. Google, jamani! Mwaka 2019 akahukumiwa Marekani miaka 5.

Kwetu sasa malipo makubwa yanaidhinishwa na watu wawili, na barua pepe zote tumeziwekea uthibitisho wa hatua mbili. Bosi analalamika kila akiingia anaombwa namba za kwenye simu. Avumilie tu.