Nilikwenda Kuhani Reichenbach

Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kituo ilikuwa ya Kijerumani, lugha ambayo sijui hata salamu yake, lakini kufuli nililielewa. Behewa la mbao linalovutwa kwa waya hadi kwenye maporomoko ya Reichenbach, lililoanza kupandisha watu mwaka 1899, hufungwa majira ya baridi. Mimi nilifika Meiringen, kijiji cha Uswisi kilicho chini yake, mwezi wa Novemba. Tiketi ya ndege ilikuwa rahisi mwezi huo, nami sikujiuliza kwa nini.

Za London, siku nne nzima, sina la kusimulia ila moja. Nilikwenda Baker Street kama wanavyokwenda wote, nikapiga picha na sanamu ya Sherlock Holmes nje ya kituo cha treni, ndipo nikajua kwamba mwandishi Arthur Conan Doyle alipompangisha mpelelezi wake huyu wa hadithi nyumba namba 221B, namba za mtaa ule zilikuwa hazijafika huko. Zilisogezwa baadaye. Shirika moja la mikopo ya nyumba lililohamia hapo miaka ya 1930 likajikuta limeangukiwa na barua za watu wenye mashaka yao, wote wakimwandikia Holmes, mpaka likaweka mtu wa kuzijibu. Nikasema, ikiwa wapo wanaomwandikia kama yu hai, mimi nitakwenda kumhani pale alipofia hadithini, Reichenbach. Nikapanda treni kuelekea Uswisi.

Chumba faranga 140 kwa usiku mmoja, dirisha linatazama ukuta. Kahawa faranga tano na nusu, mafunda mawili imekwisha. Kisa cha kwanza cha Holmes kilipotoka mwaka 1887, Doyle alikuwa amekiuza kwa pauni 25, haki zote, asidai tena. Nilimwonea huruma mpaka nilipoletewa bili ya supu.

Usiku ule wa kwanza nilikwenda na tochi ya simu kwenye sanamu yake nyingine, ile ya kijijini karibu na kanisa la Kiingereza. Amekaa juu ya mwamba, kiko mkononi. Aliyeichonga ameficha dokezo moja kwa kila kisa, na visa ni 60: vifupi 56 na riwaya nne. Niliona matano. Kisha mvua ikaanza na vidole vikafa ganzi.

Basi asubuhi, kufuli lile. Nikapanda kwa miguu. Viatu vyangu ni vya mjini, vya kuingilia ofisini, na njia ilikuwa majani yaliyooza juu ya tope. Sikufika mbali. Mguu mmoja ulikwenda zake, wa pili ukaufuata, nikakaa kitako. Mtembezi hula miguu yake. Mimi siku ile nilikula kwa makalio.

Nilikuwa bado chini alipotokea mzee mmoja na fimbo yake, mbwa mbele. Alisimama akanitazama, kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye miwani.

"Sherlock Holmes?" akauliza.

Moyo ulinipiga. Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na mwalimu wake mmoja, Joseph Bell, alikuwa na mchezo wa kumsoma mgonjwa kabla hajafungua kinywa. Siku moja aliingia mtu na kofia kichwani. Bell akamwambia: wewe ni mwanajeshi, umetoka jeshini juzijuzi, kikosi cha Waskoti, ulikuwa Barbados. Yote kweli. Mtu mwenye adabu zake lakini havui kofia, hajazoea bado uraia. Na ana matende, ugonjwa usiopatikana Uingereza. Hapo ndipo alipozaliwa Holmes, Doyle mwenyewe alikiri. Nami nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mlete Bell pwani ya kwetu, amkute babu barazani na mguu wake wa matende, amwambie ametoka Barbados!

Kwa hiyo nilingoja, tope limenijaa, nisomwe na mimi.

"Umejuaje, mzee?"

"Novemba," akasema kwa Kiingereza cha kupapasa. "Mvua. Wengine wanaopita hapa ni mimi na mbwa."

Akanivuta, akageuka, akapanda nami ingawa alikuwa anashuka. Njiani alinionya nisitarajie makubwa: maji huwa mengi wakati wa joto theluji ikiyeyuka, na sehemu yake huvutwa kutengeneza umeme. Kweli. Nilitegemea ngurumo, nilichokiona ni ukungu na uzi mweupe wa maji ukining'inia kwenye jabali la mita zaidi ya mia. Ng'ambo ya korongo, alama ya nyota nyeupe. Pale, akanionyesha kwa fimbo. Tarehe 4 Mei 1891, Holmes na adui yake, Profesa Moriarty, walipopambana.

Doyle alipita hapa mwaka 1893, akiwa amemchoka mtu wake. Alitaka asifiwe kwa riwaya zake za historia, na wasomaji hawataki ila Holmes. Miaka miwili kabla alishafikiria kumuua, mama yake akamkatalia. Desemba ile akamsukuma shimoni. Watu wakafoka, wengine wakaacha kununua Strand, jarida lililotoa visa vyake. Alivumilia hadi 1901, akatoa kisa cha mbwa kama kilichotokea kabla ya kifo kile, na 1903 akamrudisha kabisa: hakuanguka, aliparamia mwamba. Niliutazama ule mwamba. Mimi nimeshindwa na majani. Lakini Doyle alikuwa daktari, na kwenye kifo kile aliacha barua, kasha la sigara na fimbo ya mlimani, maiti hakuna. Nadhani mkono wake ulijua kuliko yeye.

Nikamweleza mzee kwamba kiko nilikifahamu kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, kabla ya Holmes. Kila alipokaa kimya na kiko chake, rafiki yake Najum yuko pembeni, anauliza yale tunayotaka kuuliza sisi. Nilipokutana na Holmes na rafiki yake Watson sekondari, niliamini Waingereza wametuibia. Najum ndiye niliyempenda zaidi. Ana ruhusa ya kutojua.

Tukashuka, yeye ananishika mkono kwenye utelezi.

"Huyo wa kwenu anakaa wapi?"

"Unguja."

"Nyumba namba ngapi?"

"Hakuna namba, mzee. Ukifika, unauliza."

Alicheka mpaka akasimama, kisha akainama kumtafsiria mbwa.