Hesabu ya tajiri haikosekani

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu Mbagala, hatua chache kutoka kijiwe cha bodaboda, na hukumu ninayoisikia zaidi kutoka kwa watu wazima wanaokuja kutoa pesa ni hii: vijana wa siku hizi hawajiwezi. Wanabeti, wanakunywa enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kama maji, usiku hawalali, simu haiwatoki mkononi. "Hawana breki kabisa, mwanangu," ananiambia mzee mmoja mstaafu kila anapokuja kuchukua pensheni yake. Akimaliza kusema hivyo ananituma dukani nimchukulie pakiti ya sigara.

Nataka kubishana naye, kwa adabu, maana ni rika la baba yangu na shikamoo yangu anaipata kila nikimwona. Vijana hao ninashinda nao kuanzia asubuhi mpaka maduka yanapofungwa. Pesa zao naziona zikiingia na naziona zikitoka, buku kwa buku, jero kwa jero. Na ninachokiona si watu wasio na breki.

Chukua kijana nitakayemwita Mudi. Pikipiki anayoendesha ni ya tajiri, wamewekeana mkataba: kila siku alete hesabu ya elfu kumi, na muda waliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yake. Kila jioni Mudi anasimama mbele ya dirisha langu, anahesabu noti zilizokunjwakunjwa, nyingine zina unyevu wa jasho, ananiambia, "Dada, nirushie hesabu ya tajiri." Siku ya mvua analeta. Siku aliyoumwa tumbo alileta. Siku ambayo trafiki walimchelewesha nusu ya mchana aliwazungukia wenzake kijiweni, huyu elfu moja, huyu mia tano, ikatimia. Sijawahi kuona mtumishi wa ofisi mwenye nidhamu ya pesa kama hiyo.

Lakini Mudi huyohuyo, ile elfu sita au saba inayobaki baada ya mafuta na hesabu, haifiki nyumbani. Anaweka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa timu nane, unachanwa na timu moja. Anaweka mwingine. Zinazobaki anaingia nazo kwenye kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Saa tatu usiku ananiuliza kama naweza kumkopesha nauli ya bajaji, yeye mwenye pikipiki, kwa sababu ya mafuta haipo.

Sasa mzee wangu mstaafu aniambie: huyu ana breki au hana? Kama hana, hiyo elfu kumi ya kila siku inatoka wapi? Tofauti ya pesa hizi mbili ni kwamba ya tajiri ina jina, ina kiasi, ina saa. Saa mbili ikifika tajiri anapiga simu. Kijiwe kizima kinajua nani hajapeleka hesabu. Asipopeleka, funguo zinachukuliwa. Ile elfu saba ya Mudi haina anayeipigia simu. Imekaa tu kwenye simu, mahali palepale ambapo mkeka nao umekaa.

Hapo kwenye simu pana jambo wengi hawalitazami. Mudi akitaka kuitoa pesa yake iwe noti mkononi, anakatwa makato na anapanga foleni kwangu. Akitaka kuipeleka kwenye akaunti ya kubeti, anabonyeza mara chache akiwa amekaa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini. Njia ya kwenda nyumbani ina gharama na foleni, ya kwenda kwenye mkeka imesawazishwa. Mtu aliyechoka, ambaye tangu alfajiri amekuwa akikwepa malori ya Kilwa Road, unategemea achague ipi?

Mfano mwingine unaonifanya nicheke kila mwaka ni Ramadhani. Pale kijiweni wavutaji sigara ni wengi, na nikiwauliza siku za kawaida wananiambia hawawezi kumaliza hata saa moja bila kuvuta, kichwa kinauma, mikono inatetemeka. Ukiandama mwezi, watu haohao wanakaa tangu alfajiri hadi magharibi hawajagusa sigara wala maji, juani, na wanafanya kazi. Hakuna aliyewapa dawa. Mama ntilie wa jirani amefunga, wenzao wote wamefunga, muuza sigara wa kijiweni kapunguza biashara, na kila mtu anajua saa ya kufungulia. Adhana ikilia wanakunywa uji, halafu wanawasha. Idd ikipita, ndani ya wiki moja tumerudi kulekule kwa kichwa kinauma. Wanaosema kujizuia ni kipaji ambacho mtu anazaliwa nacho au hazaliwi nacho, waje wakae na mimi mwezi huo mmoja.

Kuhusu kindege nisimame kidogo, kwa sababu watu wazima wengi wanaokilaani hawajawahi kukitazama. Ni picha ya ndege ndogo inayopaa kwenye kioo cha simu, na chini yake namba inapanda: 1.10, 1.35, 1.80, 2.40. Ukiweka buku na ukabonyeza kutoa kwenye 1.80, unapata 1,800. Kindege kikitoweka kabla hujabonyeza, buku imekwenda. Raundi nzima ni sekunde chache, na nyingine inaanza hapohapo. Pembeni unaona majina ya wengine na pesa walizotoa, yaani hata ukishinda unaona aliyesubiri kidogo akakuzidi.

Wanaoutengeneza mchezo huo wenyewe wanaandika kwamba marejesho kwa mchezaji ni asilimia 97. Mudi aliponionyesha hilo alikuwa na furaha: "Dada, wanakula tatu tu!" Nikachukua kikokotozi changu cha floti tukapiga hesabu pamoja. Ukiweka 1,000, kwa wastani zinarudi 970. Ukizirudisha zote, zinabaki kama 941. Endelea kuzungusha namna hiyo. Raundi ya thelathini, kwa wastani, una shilingi 400 na kidogo. Na raundi thelathini hazifiki hata nusu saa. Ile tatu wanayokula haiumi kwa sababu ni tatu, inauma kwa sababu ya mwendo. Mkeka wa Jumamosi unakupa wiki ya kusubiri na kubishana. Kindege hakikupi hata nafasi ya kumeza mate.

Mudi alikitazama kikokotozi muda mrefu, akasema hesabu yangu ni ya wastani na yeye si wastani. Nikamwachia.

Enaji sasa. Mimi siuzi, lakini jirani yangu mwenye duka anauza, na friji lake limegeukia barabara, taa inawaka mchana na usiku. Hakulinunua. Aliletewa na wasambazaji kwa sharti kwamba likae mbele na ndani yake zikae bidhaa zao. Maji ya kunywa yako ndani dukani, kwenye katoni, ya moto. Bodaboda akisimama saa nane mchana ana kiu, cha baridi kilicho mbele ya macho yake ni enaji. Nilisoma lebo ya chupa wanayoipenda: sukari gramu 11 kwa kila mililita 100, na chupa ni mililita 300. Gramu 33, sawa na vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa mbili tu umeshapita, na hujanywa chai ya asubuhi ambayo huku kwetu nayo ni sharubati.

Kafeini yake nayo haiondoki upesi. Baada ya saa tano hivi, kama nusu ya uliyokunywa bado imo mwilini. Anayekunywa saa kumi na mbili jioni ili apige trip za usiku, saa tano usiku bado anayo nusu, amejilaza lakini macho makavu. Anafanya nini? Anafungua simu. Na kwenye simu bando la usiku ni la bei ya chini kuliko la mchana. Binti wa saluni ya pale nyuma, mwanafunzi wa jioni, aliniambia masomo yake yote anayapakua baada ya saa sita usiku kwa sababu hiyo ya bei, na akishaamka kupakua, anajikuta saa tisa anatazama video za watu wanaopika vyakula ambavyo hatapika kamwe. Asubuhi analala wateja wakimsubiri. Mama yake anamwita mvivu. Mimi naona mtu anayefuata bei, kama sisi sote tunavyofuata.

Najua nitaambiwa nawatetea. Basi tukumbuke viroba. Vile vipakiti vya pombe kali vilikuwa vinakaa kwenye mfuko wa shati, bei ndogo, na pale kijiweni saa moja asubuhi ungeona vijana wakivifungua kwa meno kabla ya abiria wa kwanza. Mahubiri yalikuwepo, ya msikitini na ya kanisani, na ajali zilikuwepo pia. Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku. Watu wa kijiwe chetu hawakugeuka walokole wiki hiyo. Pombe wanakunywa mpaka leo. Lakini sasa mtu inabidi anunue chupa kubwa zaidi, kwa pesa zaidi, aifiche mahali au akae baa, na kunywa kwa asubuhi pale kijiweni kulipungua mbele ya macho yangu. Hakuna aliyepewa semina ya kujitawala. Kipakiti kilitoka mfukoni, basi.

Na hata huko mbali zaidi, kwa ndugu zetu walionaswa na unga, yaani heroini, utaratibu ni uleule. Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, mwaka 2011, na aliyekuwa anaitwa teja anakwenda kliniki kila siku kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Kila siku, kwa saa, mbele ya mtu. Haambiwi ajikaze peke yake chumbani. Kama kwa mgonjwa wa uraibu tunaelewa kwamba nia peke yake haitoshi, sijui kwa nini kwa kijana wa kawaida tunadhani makaripio yatatosha.

Wanaofanikiwa hapa mtaani, nikiwatazama, hawana roho ngumu kuliko wengine. Muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara anatoa pesa ya mchezo, yaani upatu, kila Ijumaa kwa sababu mama wawili wa mchezo wanakuja na daftari na hawaondoki bila elfu tano yao. Fundi simu mmoja ana kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, na anakiweka kwa dada yake Charambe. Akitaka kukivunja inabidi apande daladala, amweleze dada, aazime nyundo. Ananiambia mara nyingi hamu inamwishia njiani. Yule binti wa saluni naye siku hizi anamwachia mama yake simu saa nne usiku, na ya kupakua anapakua Jumamosi kwa bando la wiki. Analalamika, lakini anaamka.

Mimi nami sisemi nikiwa juu ya mti. Kila buku inayopita kwangu kwenda kwenye simu ya mtu ina senti zangu za kamisheni ndani, na sina namna ya kujua ipi inakwenda kwa mama kule Lindi na ipi inakwenda kwenye kindege. Nikikataa kuweka, atavuka barabara kwa wakala mwingine. Kwa hiyo siwezi kujifanya nesi wa mtaa.

Ila baada ya ile hesabu ya kikokotozi Mudi alikaa siku kadhaa, halafu akaja na ombi. "Dada, na mimi nipigie simu kama tajiri." Tukakubaliana: kila jioni, akishatuma hesabu ya tajiri, palepale dirishani atume elfu mbili kwa mama yake Lindi, na mama ameambiwa asizirudishe hata akilia. Asipotokea mpaka saa mbili na nusu, nampigia.

Siku nyingi analeta. Siku nyingine anazima simu, au anapokea na kusema, "Leo hapana dada, leo niache," nami namwacha. Tajiri ana pikipiki ya kumnyang'anya, mimi sina cha kumnyang'anya. Juzi akaja na wazo lake mwenyewe: siku asipoleta, nimtangaze pale kijiweni mbele ya wenzake, kwa sauti. Nikamwambia sitangazi mtu mmoja. Awaulize wenzake kama na wao wako tayari kuweka elfu mbili na kutangazwa wasipoweka. Amewaambia. Watatu wamekubali, mmoja anataka iwe elfu moja, na mwenyekiti wa kijiwe anasema Jumapili isihesabiwe. Mpaka naandika hapa bado wanabishana.